Mlango Namba Kumi na Nne

Ufukwe huu si kisiwa, ila milima imeugeuzia mgongo,
na barabara ilikata tamaa huko juu, kwenye mihogo.
Kwa hiyo tumekuja kwa boti ya injini moja:
mimi, shangazi Mwavita, madumu mawili ya mawese,
na vijana watatu wa chuo wanaotaka kuipiga picha meli.

"Ndiyo ile," kasema Feruzi, akazima injini.
Kimya kikaja kukaa nasi kama abiria aliyechelewa.

Imelala ubavu, pua mchangani,
kutu yake rangi ya mawese yaliyomwagika jana.
Jina limebanduka. Imebaki herufi moja, M,
na kila kijiji cha mwambao kinaijazia kipendavyo.

Vijana wanauliza: walikufa wangapi?
Hakufa mtu.
Feruzi anaona haya kusema hivyo,
kama mwenye duka aliyeishiwa sukari.
Ilipanda mwamba alfajiri; watu wakashuka
na kuku wao, na magodoro, maji yakiwafika magotini.
Kilichozama ni chumvi ya Uvinza, magunia mia sita.
Siku tatu, anaapa shangazi, huku hakuna aliyetia chumvi mchuzini:
unachota tu ziwani, unainjika.

Saruji nayo iliganda ndani ya mifuko,
mifuko ikaoza, saruji ikabaki na mikunjo yake,
hadi alama za uzi,
mito ya mawe juu ya changarawe.
Kijana mmoja ameshalaza kichwa hapo, anatabasamu, apigwe.

Shangazi hapigwi picha.
Amepandisha kitenge, anakata maji,
anaingia melini kupitia ubavu uliopasuka
namna mtu anavyoingia kwa jirani kupitia uani.
Namfuata. Ndani kunanuka chuma na popo.
Dagaa wachanga wanapanda na kushuka penye ngazi.
Anahesabu kwa kidole: kumi na mbili, kumi na tatu,
kisha fremu tupu, bawaba mbili zimekenua.

Mlango wake naujua.
Uko Katonga, jikoni kwetu, rangi ya kijani,
na namba yake ya shaba upande wa nje,
ambayo karani wa sensa aliinakili kwenye daftari
ingawa mtaa mzima hauna namba nyingine.
Nyuma yake nilipimwa urefu kwa mkaa.
Nyuma yake nilijificha siku ya sindano.
Polisi walipomuuliza babu ameutoa wapi,
alisema ameuokota, kama mtu aokotavyo kifungo.

"Wezi walikomba kila kitu," sauti inasema huko nje,
sauti ya huruma, ya kijana aliyelelewa vizuri.
"Hata milango!"

Shangazi amesikia.
Anafungua fundo la kitenge, anatoa kichupa,
anachovya kidole kwenye mawese,
anapaka bawaba ya juu, kisha ya chini,
taratibu, mpaka ndani ya maungio,
anaisukuma moja. Inazunguka. Haibebi kitu.
Anafuta kidole kwenye fremu na kutoka,
mbele yangu, bila kugeuka.

Usiku, Katonga, nilipofungua jiko, mlango ulilia.
Nikamwambia: shangazi, huu hukuupaka.
Alikuwa anasonga ugali, mvuke umemficha uso.
"Uache," alisema. "Una kwao."