Muhuri wa Mzazi

Karatasi iko mezani tangu Jumatatu,
kando ya bakuli la machungwa,
imekunjwa mara moja, kama barua ya mtu mwenye haya.
Jina: Onodera Kureha. Namba kumi na moja.
Halafu visanduku viwili:
mchepuo wa sayansi, mchepuo wa sanaa.
Chini kabisa kiduara, kadiri ya kifungo cha shati,
kinangoja muhuri wa mzazi.

Mzazi ni mimi.
Naendesha greda la kuzoa theluji hapa Noshiro,
saa nane za usiku mpaka watu waende kazini.
Barabarani wametusimikia nguzo zenye mishale myekundu,
dereva ajue ukingo uko wapi
hata pale nchi nzima imegeuka shuka.
Kwenye karatasi hii nimetafuta mshale.

Mwalimu Kudo, siku ya kikao, alifuta miwani isiyo na vumbi.
"Kemia ana tisini na mbili. Angekuwa mwanangu..."
akaiacha sentensi hapo,
kama mtu aachaye mlango wazi, baridi iingie.
Mama yake alipiga simu kutoka Sendai:
"Sayansi. Mfamasia halali njaa."
Na mimi? Mimi nilisema chai imepoa.

Nimemwona huyu mtoto akipiga magoti nyuma ya hekalu,
mswaki mkononi, anasugua ukoga juu ya jiwe
apate kusoma jina la mtu aliyekufa mwaka wa njaa,
enzi ambazo hata babu wa babu yangu hakuzikuta.
Alilisoma kwa sauti, mara mbili,
kama anayeita mgonjwa kwenye foleni ya daktari.
Na usiku uleule nikamsikia chumbani akicheka peke yake:
mlinganyo ulikuwa umekubali.
Kicheko kilikuwa kilekile.

Mchepuo. Neno lenyewe lina mtu ndani yake
anayeiacha njia kuu akapita majanini.
Nani basi aliyelitandikia reli?

Mimi baba yangu alinipigia muhuri kabla sijauliza.
Fizikia.
Nilitaka jiografia.
(Cheka tu: leo naijua wilaya hii kona kwa kona,
najua daraja gani huganda kwanza.)
Sikumchukia mzee. Niliichukia ile rangi nyekundu,
hata sasa nikipokea kifurushi mlangoni
natia saini kwa kalamu.

Jana usiku, kabla ya zamu, niliinua karatasi usawa wa taa.
Penseli ilikwisha kupita.
Alitia alama huku, akafuta.
Akatia kule, akafuta. Huku tena.
Pale pa kufutia pamelainika
kama sikio la paka.

Wanasema njia mbili zilimshinda fisi.
Huku hatuna fisi. Tuna mbweha,
huvuka mbele ya taa zangu, husimama katikati,
hutazama huku, hutazama kule,
nami hukanyaga breki, nangoja, theluji inaanguka.
Kisha huenda.
Miaka kumi na tisa, sijaona hata mmoja aliyepasuka.

Nikaupuliza muhuri, nikaugusisha wino,
nikaubonyeza ndani ya kiduara:
jina letu, jekundu, limepinda kidogo kushoto.
Visanduku nikaviacha vitupu.
Juu ya karatasi nikaweka kifutio kipya,
nilichokinunua dukani pamoja na betri za tochi,
bado kiko ndani ya nailoni yake.

Niliporudi saa mbili, viatu vyake havikuwa mlangoni.
Ganda la chungwa lilikuwa juu ya meza, bichi.
Karatasi ameichukua.
Kifutio pia.