Mgongoni mwa Sinema

Chumba cha shangazi Shinuna kule Ruwi
kilipakana mgongo kwa mgongo na sinema.
Ukuta mmoja: kule watu mia nne na njugu zao,
huku yeye, sindano, na kofia za kutoboa
za kupelekwa Matrah Alhamisi.

Filamu moja ilikaa wiki sita.
Jina lake silitaji, lilikuwa refu kuliko kisa chake.
Maneno hayakupenya ukutani,
yalifika kama ya mtu asemaye na kitambaa kinywani.
Muziki ulipenya.
Si zile nyimbo za kukimbizana bustanini,
hizo alizizoea, zilimpita;
ni ule wa chini yake, usio na mwimbaji,
unaotembea nyuma ya watu
wakati hawana la kusema.

Fidla moja ikianza peke yake,
halafu ya pili, kama jirani aliyesikia kilio
akaja kanga hajaifunga vizuri.
Halafu ngoma ndogo, mbali.
Halafu kimya cha vitobo kumi na viwili.
Alijua, kwa kuwa alivihesabu.

Kila usiku, saa tatu na robo, fidla ile,
na kila usiku alikuwa na mtu wa kumpa.
Kwanza mama yake, aliyezikwa Wete yeye hayupo.
Kisha Harith, kaka yake,
aliyesema "tangulieni, nakuja,"
akabaki na funguo za nyumba.
Wiki ya nne wafu walimwishia,
akaanza kuwapa walio hai.

Tiketi ilikuwa baisa mia tatu. Hakwenda.
"Nikaone nini? Nimeshaiona."

Sasa ana miaka themanini na moja, tunakaa Al Khoudh,
na filamu ile nimeitafuta miaka mitatu.
Nimeipata, imekwaruzika, rangi zimeungua,
mbingu yake ya zambarau.
Nikamkalisha. Nikamimina kahawa.
Halwa kwenye kisahani.

Lo, filamu mbovu!
Masharubu ya jambazi yanabanduka akicheka.
Farasi mmoja anapandwa na watu watatu
katika vijiji vitatu.
Bibi harusi anatekwa, anarudishwa, anatekwa tena,
nadhani mwandishi alisahau.
Shangazi hasemi kitu. Anatafuna.

Kisha ikafika.
Nilijua kwa vile alivyokishusha kikombe.
Fidla,
na kwenye kioo, mtu mnene amekaa kitandani
anavaa viatu.
Basi. Kiatu cha kulia. Kamba. Kiatu cha kushoto.
Jirani akaja, ngoma ikaja, kimya kikaja,
vitobo kumi na viwili,
mtu akasimama, akatoka kwenda kununua sigara.

"Huyu?" akasema shangazi.
"Harith wangu nimemlilia kwa huyu?"

Nilicheka, nikajikuta nacheka peke yangu.
Mwishoni majina yalipanda mbio:
mpishi, fundi taa, mwenye farasi
(mmoja, kama nilivyodhani),
halafu mstari wa mtunzi,
herufi zake zimeliwa na mkwaruzo.
Imebaki "muziki", na nukta mbili.

Nikamfikiria mtu huyo, popote alipokuwa,
kaletewa viatu vile, kaambiwa: weka kitu hapa,
sekunde tisini, Jumatano tunakitaka.
Kavitazama viatu.
Sijui alimwona nani.

Kiti cha shangazi kilikuwa kitupu.
Nilimsikia jikoni akiburuta kigoda,
akikisogeza mpaka ukutani,
ukuta huu huu wenye televisheni upande wangu.
Nilidhani kakasirika.

"Thureya," akaita,
"rudisha pale anapovaa viatu.
Na mlango ufunge."