Safu ya H

Baba alikuwa mtu wa reli, pale Valga,
mji ambao mpaka umeukata mtaa katikati
na kuku wa Latvia hutaga Estonia.
Kazi yake: kuinua bendera, kushusha bendera,
kuandika saa. Kati ya treni na treni
alikuwa na dakika arobaini na kalamu ya risasi.

Humo akaunda lugha.

Hakutaka maneno yenye abiria wasio na tiketi.
"Kila sauti ilipe nauli yake," alisema,
akachora jedwali nyuma ya daftari la kazi:
S, kinachopita.
U, mbali.
R, kinachorudi. M, ndani.
E alimpa mtu. A ni sasa, hapa hapa,
uji ungali wa moto.
K ilizaliwa ngumu, akaiacha hivyo.

Basi treni ikawa sur:
inapita, inakwenda mbali, inarudi.
Nilikuwa na miaka sita. Nililielewa mara moja
kabla sijajua kufunga kamba za viatu.

Mama hakujifunza. Alimenya viazi
akasema nyumba yenye lugha tatu
haihitaji ya nne isiyo na hata neno la chumvi.
Baba akalitunga la chumvi usiku ule ule.
Lilikuwa na silabi saba. Supu ikapoa.

Nililolipenda mimi ni surm.
Kinachopita, mbali, kinarudi, ndani:
ndoto. Asubuhi moja nikamwambia mwalimu,
Bi Laanemets, kwamba nimepata surm tamu usiku kucha
na mama yangu alikuwamo.
Akaketi. Kwa Kiestonia, lugha ya ubaoni na kanisani,
surm ni kifo.
Baba aliitwa. Alikuja na taa yake ya ishara mkononi,
akaeleza safu kwa safu, kama anayetetea ratiba.
Alichosahau ni kuomba radhi.

Novemba hiyo Mama alianza kukohoa.

H haikuwamo katika jedwali.
Baba aliikataa tangu mwanzo: pumzi tupu,
haigusi ulimi, haigusi meno,
itabeba nini?
Baridi ile nyumba ilijaa H pomoni.
Nje kimya zii, theluji imeziba dirisha,
na kutoka chumba cha pili: h. Kisha: h.
Baba ameketi, kalamu sikioni,
anasikiliza
kama anayengoja treni isiyo kwenye ratiba.

Mama kwa lugha ya Baba aliitwa ema,
kama anavyoitwa na kila mtoto wa Valga.
Ndilo neno pekee alilolikuta limekwisha kuundwa,
akalipima, akaliacha:
mtu, ndani, sasa.

Tulipotoka makaburini niliketi na kanuni.
Nikasema, Baba, A haifai tena. Tuweke U.
Emu.
Kisha nikacheka, Mungu anisamehe,
kwa sababu emu ni yule ndege wa kitabu cha jiografia,
shingo kama bomba la jiko.
Baba naye akacheka, akacheka hadi akashika meza,
na sikujua ni wapi kicheko kiliishia.
Hatukubadilisha. Lugha isiyovumilia kosa
tukaiachia kosa moja.

Daftari ninalo. Sasa nimempita Baba kwa umri,
na wasemaji wote wa lugha hii
wanakaa kwenye kiti kimoja, wanakunywa chai.
Jana niliishika karatasi ile dirishani.
Chini kabisa, chini ya safu ya mwisho,
kwa mkono uliozeeka: H.
Mbele yake hakuna neno.
Pamefutwa, pameandikwa, pamefutwa,
hadi karatasi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu,
na mwanga unapopita
unasoma upande wa pili, kinyumenyume:
treni ya Riga, saa kumi na mbili na dakika nne,
imechelewa.