Kabla

Hapa Makoroboi, chini ya mawe,
nayeyusha dhahabu kwa njia ya ukoo:
kalibu, magadi kidogo, mvukuto wa marehemu baba.
Pembe hulegea kwanza,
ukingo ukatoka jasho,
katikati ikakubali mwisho, shingo upande.
Miaka thelathini na moja
sijaona kipande kikianzia katikati.

Nyanzobe, binti yangu, asema vipo.
Alirudi likizo na daftari la chuo,
akakalia debe la mkaa, akaanza:
Baba, kuna pigo la leza, fupi.
Likirefushwa likawa kufumba na kufumbua,
basi kufumba na kufumbua kwenyewe
kungechukua miaka elfu thelathini.

Nikampa hereni aipige msasa. Akaendelea.

Mwanga ukitua, elektroni zachachamaa
kama kumbikumbi kwenye koroboi,
lakini atomi zingali mstarini, safu kwa safu,
baridi, kengele haijazifikia.
Kipande kimoja, halijoto mbili.
Kimeshavuka kiwango cha kuyeyuka, Baba,
kimekivuka mbali,
ila hakijapata wasaa wa kuyeyuka.
Na kikianguka hakingoji ukingo.
Huanguka kote.

Nikacheka. Nikasema
dhahabu hiyo haikufundwa.

Jumanne, saa tano kasorobo,
simu kutoka Bugando, wodi ya mama yake.
Sauti ya muuguzi, maneno manne.
Nikasema asante.
Nikapima hereni ya mteja: gramu mbili nukta nne.
Nikaandika risiti, nikakata herufi zangu zote,
nikahesabu chenji, noti ya elfu mbili imechanika
nikambadilishia.
Mama yule akauliza kama ziwa litachafuka leo,
anavuka Kamanga.
Nikatazama nje, juu ya mabati,
nikamwambia upepo ni wa kawaida,
karibu tena.
Mkono wangu ulikuwa mkavu.
Moto ulikuwa unaunguruma vilevile.
Nikachukua koleo, nikashika kalibu iliyofuata.

Nyanzobe alikuwa mlangoni na chupa ya chai.
Hakuniuliza nani kapiga.
Alinitazama kama anavyotazama namba
inayokataa kukaa,
akaiweka chupa chini, taratibu, juu ya saruji,
akavuka chumba,
akanitoa koleo mkononi,
akazima gesi,
kabla.