Chenye Ruvuma

Karatasi ya ofisini ina safu mbili:
faida kushoto, hasara kulia.
Ijaze, mwalimu, iwahi basi la Ijumaa.
Vishikwambi kumi na viwili, watoto tisini na sita,
na mimi, Fidea Mnalima, darasa la tano,
huku Tandahimba, ambako hata maji tunayahesabu kwa ndoo.

Nilianza kwa kupima. Nipime vipi kingine?
Msimu umefungwa, ghala tupu,
nikakilaza kimoja kwenye mizani ya korosho.
Karani Chilindima akainama. Mshale haukucheza.
"Mizani hii," akasema, "huanza kuamini baada ya kilo mbili."
Tukacheka. Nikaandika kushoto: chepesi.

Kisha nikalifuta neno,
maana Machi Twalibu alikiangusha kimoja sakafuni
na baba yake akaja na kofia mkononi kuniuliza
ni gunia ngapi za daraja la kwanza
hadi deni la kioo limalizike.
Ufa umebaki, kutoka pembe hadi pembe.
Sasa kila ramani tunayoifungua
ina Ruvuma wa pili.

Moyo, je? Miaka kumi na moja nimeuchora
kwa chaki nyekundu, na kila mara hutoka bibo.
Siku ile tuliuona ukidunda,
milango yake ikifunga, ikifungua,
na Bakiri akajishika kifua
akaogopa kukiachia mpaka kengele.
Hilo liende kushoto. Liende mara mbili.

Lakini Th, kinasema, ni theluji.
Nimewaeleza theluji kwa unga wa salfa
unavyotua juu ya mikorosho mwezi wa sita.
Na baridi yake, mwalimu? Hapo nilikwama.
Tukaandika bibo; kikatusahihisha: bibi.

Mvua ikishika wiki nzima, paneli yetu moja hailishi kitu.
Vinalala kabatini kama vigae,
na somo la sehemu linakatikia kwenye theluthi.

Hasara nyingine naiandika kwa herufi ndogo:
mimi. Iko Jumanne niliwagawia, nikakaa,
nikaufurahia ukimya.
Haukuwa ukimya wa kusoma.
Twalibu alikuwa anaendesha gari jekundu
katika mji usio na mchanga.

Na Somoe.
Somoe ana kigugumizi. Mbele ya wenzake
neno humganda mdomoni, nami humalizia;
nilidhani ni huruma.
Kwa kishikwambi husoma peke yake, nyuma ya choo cha walimu,
kwa sababu hakikohoi, hakicheki,
wala hakina haraka ya kwenda kupika.

Jana vyote vilizima.
Tukarudi kwenye kitabu, kimoja kwa vichwa vinane,
ambacho ukurasa wa arobaini na moja
ulichanwa zamani, ukafungia karanga za mtu.
Zamu ikamfikia Somoe. Akafika mwisho wa arobaini.
Akageuza.
Akaendelea.
Alisoma karatasi isiyokuwepo, mbele na nyuma,
na kigugumizi chake chote, n-n-ngiri akarudi,
n-ngiri akasimama mlangoni,
hadi arobaini na tatu ikampokea.
Wale saba walikodolea macho uzi
pale karatasi ilipong'oka.
Sikummalizia hata neno moja.

Hili naliweka safu ipi?
Kushoto kuna kishikwambi, lakini kilikuwa kimekufa.
Kulia kuna kitabu, lakini kilikuwa kimechanika.

Nimeigeuza karatasi, upande usio na mistari,
nimeandika: Somoe Nantembo,
ukurasa wa 41 na wa 42, kwa kichwa.
Na chini, kwa kuwa mkaguzi atauliza:
Tunaomba betri. Tunaomba na vitabu.
Mkija kuchukua vibovu,
kile chenye Ruvuma tuachieni.