Mkato wa Sikio

Viazi nimemenya, vya leo na vya kesho,
vimelala majini, vyeupe kama mayai.
Ndoo tatu zimejaa, maana kesho kisima hakiguswi.
Mboji kavu nimeipanga kando ya jiko
ili Jumapili isinikute nimeinama.
Viatu vya Torcuil nimevipiga rangi,
ingawa Torcuil mwenyewe huu mwaka wa pili
yuko makaburini, ng'ambo ya ghuba.
Mikono haijui kufiwa.

Sketi nyeusi, kofia nyeusi,
leso yenye peremende mbili za kuvumilia hubiri.
Kila kitu kiko tayari nyumbani mwa Murdina.
Kila kitu, ila Murdina.

Alhamisi tulifunga.
Ijumaa wanaume walisimama mmoja mmoja
kueleza dalili za moyo uliozaliwa upya.
Leo mchungaji amenitilia kiganjani kibati cha risasi,
tarehe yake imefutwa na vidole vya waliokufa:
ruhusa ya kuketi kwenye Meza ya Bwana.
Hakuniuliza neno.
Laiti angeniuliza.

Nikaketi, nikajaribu kuomba.
Nikaanza, kama kawaida yangu, na makosa ya wengine:
ulimi wa Ciorstaidh, chupa ya Fionnlagh,
yule kijana wa posta apigaye mbinja siku ya Bwana.
Sala ikatiririka. Ilinoga!
Mungu akaninyamazia mpaka nikamaliza.
Ndipo zizini akalia kondoo.

Yule.

Mwaka wa tatu huu, mwezi wa saba, ukungu umefunga nyika,
nilimkuta bado mdogo, amepotea,
sikio la kushoto limechanjwa pembe: alama ya Oighrig.
Nilikuwa na kisu, hikihiki cha viazi.
Mkato juu ya mkato, akawa wangu.
Damu yake haikujaza kijiko.
Sikio lake likapona.
Sikio la kufa halisikii dawa, husema watu,
nami tangu siku ile nimesikiliza mahubiri mia mbili na ushei.

Saa tano na robo usiku.
Ikigonga sita itakuwa Sabato,
na Sabato kondoo hahamishwi.
Nikajiambia, basi, Jumatatu.
Shetani anaipenda sana Jumatatu.

Nikachukua taa na kamba.
Kondoo akagoma mlangoni;
kwake yeye mwenye mali ni mimi.
Nikamvuta, akanivuta, mvua ikitupiga ubavuni,
wajane wawili wa njia moja, ukituona kwa mbali.

Oighrig alifungua, mikono imejaa maganda.
Akainua taa yangu hadi kwenye lile sikio.
"Nilijua," akasema. "Tangu siku ya kunyoa."
"Mbona hukusema?"
"Nilisema. Nyumba zote, isipokuwa yako."
Akatazama ndani, mezani, kilipokuwa kibati chake.
"Tangu mchana nakigeuza kama kiazi cha moto."

Hakunikaribisha chai. Hakunikumbatia.
Sisi si watu wa hivyo, na upepo ulikuwa ukiingia.
"Ana mimba," nikasema.
"Na wale pacha wa mwaka jana?"
Pacha! Nilikuwa nimewauza na kuwasahau,
na bei yao ndiyo iliyonunua hii kofia.
Nikafungua kinywa, kikabaki wazi.
"Jumatatu," akasema Oighrig, "tutahesabu."
Akapokea kamba.
Kisha, mlango ukiwa umebaki upenyo tu:
"Kesho nipishe nafasi. Benchi la kwetu linavuja."

Nilirudi bila taa; nilimwachia.
Gizani nikasikia saa ya mtu fulani ikigonga sita.
Sikuwa na sala. Zote zilikuwa zimekwisha
kwa Ciorstaidh na kwa Fionnlagh.
Kibati kilikuwa kiganjani, kimepata joto,
nami nilinuka kondoo, mtupu kama ndoo
iliyooshwa, iliyofudikizwa,
haijajua bado itatekewa nini.