Divai ya Zamu ya Usiku

Jumapili ndimi ninayeifungua chupa.
Sakristia yetu hapa Kizota ni chumba cha futi nane,
kabati moja, pasi ya mkaa, kanzu zinazonukia sabuni ya mche.
Namimina divai kwenye kichupa cha altare
na jicho langu, bila ruhusa, linasoma namba:
kundi la kumi na saba, Agosti, zamu ya usiku.

Naijua zamu hiyo. Nilikuwemo.
Umeme ulikatika mara tatu,
na uliporudi mara ya tatu
ulimkuta Leokadia Chilongani
mkono ukiwa ndani ya mashine ya vizibo.
Vidole viwili. Cha pete na cha mwisho.
Msimamizi akasema, "Osheni sakafu,
zabibu za Hombolo ziko getini zinachacha."
Tukaosha.
Nyekundu na nyekundu, ukizimwagia maji,
huwezi kuapa ipi ilitoka shambani.

Hospitali alilipa mwenyewe. Yeye ni kibarua,
na kibarua, kwa mujibu wa karatasi yao,
huanza kazi upya kila miezi mitatu
kama mtu asiyewahi kuzaliwa.

Kwaresma, katekista Mahinyila akatuletea jumuiyani
nakala ya barua ya Papa mmoja wa kale,
wino hafifu, kona imeliwa na mchwa.
Tulikaa uani kwa mama Paskazia,
kuku wakikatiza katikati ya sala.
Alisoma polepole, kama anayetafuna karanga zenye mchanga:
kwamba mfanyakazi si kuni za tanuri;
kwamba njaa ikitia saini, hayo si mapatano,
hata kama pande zote mbili zimepeana mikono;
kwamba wanyonge kuungana si dhambi.
Ndahani wa boila akauliza, "Iliandikwa lini?"
Katekista akataja mwaka. Tukahesabu.
Zaidi ya miaka mia moja na thelathini.
"Basi," akasema Ndahani, "posta ya Dodoma inachelewa."
Tulicheka. Kisha hatukucheka.

Mwenye kiwanda husali kwetu, benchi la mbele.
Vigae vya altare ni vyake, na feni zile mbili.
Sisemi ni mtu mbaya. Hunisalimia kwa jina la ukoo.
Msiba wa baba alituma gunia la mchele
na kijana wa kulibeba.
Lakini mchele wa msiba si mshahara,
na feni haipozi jasho
la mtu ambaye hajalipwa.

Jumapili ya Matawi matoleo yalikuwa ya jumuiya yetu.
Waliotangulia walibeba unga wa uwele, mayai,
jogoo aliyefungwa miguu.
Leokadia akaja wa mwisho
na glavu ya kazini juu ya kitambaa cheupe,
vidole vitatu vimesimama, viwili vimelala.
Kwaya ikakosea ubeti.
Padre aliipokea, nikamwona anatafuta mahali pa kuiweka,
si kwenye kapu la mayai, si kwenye kikapu cha fedha.
Akaiweka altareni, kando ya kalisi,
akasema maneno ya kila siku,
yale ya mzabibu na kazi ya mikono ya watu,
na kwenye "mikono" sauti yake ikakwama
kama lori kwenye tope la Bahi.

Bwana mkubwa hakuja kukomunika siku hiyo.
Sijui alikuwa na nini moyoni. Mimi ni mtunza vyombo.

Jumatatu karatasi ya chama ilipita kantini chini ya sahani.
Majina kumi na manne.
La kumi na tano liliandikwa, likafutwa.
Mashine ya vizibo imewekewa kizuizi cha bati
kilichofungwa kwa waya.
Ni mwanzo au ni kejeli, hatujaamua.

Glavu ninayo. Padre aliniambia niitunze,
hakuniambia wapi.
Nimeiweka kabatini, rafu ya vitambaa vya kufutia kalisi,
imefuliwa,
imepigwa pasi vidole vyote vitano.